Sampuli Inasafiri, Jibu Linangojwa: Kusomea Mikrobiolojia Ukiwa Kavumu

Mama mmoja anayeuza sambaza kavu katika soko la Kavumu ana binti aliyemaliza sekondari, tawi la bioshimi kama tunavyoliita huku, na diploma ya taifa ameshaitia mfukoni. Binti anataka kwenda Bukavu kusomea mikrobiolojia. Juzi mama yake alinisimamisha kati ya meza mbili za samaki akaniuliza bila kuzunguka: "Papa Dokta, huyu akisomea vidudu visivyoonekana, atakamata kazi gani inayoonekana?"

Wateja walicheka. Mimi nilinunua mafungu mawili ya sambaza, nikaahidi kurudi na jibu. Nimechelewa kwa makusudi, maana jibu la haraka lingekuwa la uongo, ama la kumpamba mtoto ama la kumvunja. Jibu la kweli ni refu kidogo, na linaanzia hapo hapo Kavumu.

Vituo vitatu na sanduku moja la barafu

Kavumu iko kilomita 30 hivi kaskazini ya Bukavu, katika eneo la Kabare, kando ya barabara iendayo Goma. Wageni huijua kwa uwanja wake wa ndege. Wanaofika hapa mara chache huuliza kilichoko pembeni. Ukipanda upande wa milima utafika Lwiro, ambako Wabelgiji waliweka makao ya taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947. Mkurugenzi wake wa kwanza, Louis van den Berghe, alikuwa daktari wa magonjwa ya nchi za joto. Leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Jirani yake ni Mulungu, kituo cha kilimo cha INERA. Ukishuka upande wa Ziwa Kivu kuna Kalambo, ambako IITA inachunguza mihogo, migomba na maradhi yake. Juu ya vyote unasimama msitu wa Kahuzi-Biega pamoja na gorila wake. Mtu mwenye pikipiki anaweza kuvizungukia vituo vyote vitatu kwa siku moja na bado akawahi kurudi nyumbani kabla ya giza. Sehemu nyingi za Kongo hazina hata kimoja.

Pamoja na hayo, katikati ya mwaka 2024 hospitali ya Kavumu, katika zoni ya afya ya Miti-Murhesa, ilijaa wagonjwa wa mpox, wengi wao watoto. Vitanda havikutosha. Mgonjwa wa mpox hupimwa hivi: muuguzi husugua upele kwa kijiti chenye pamba, hukitia kijiti kwenye kichupa, kichupa huingia kwenye sanduku la barafu, sanduku hupanda gari. Na kwa miaka mingi masanduku ya Kivu Kusini yamepanda gari kwenda Bukavu, mashua kwenda Goma, na kwa uchunguzi wa kina zaidi yamepanda ndege hadi Kinshasa, umbali wa kilomita 1,500 hivi. Mama wa mtoto hubaki kitandani akingoja. Wakati mwingine mtoto hupona kabla ya jibu kufika. Wakati mwingine jibu hukuta kitanda kina mtu mwingine.

Hapo ndipo penye kazi ambayo mama wa sambaza anaiulizia. Vitabu vitasema mtaalamu wa mikrobiolojia huchunguza bakteria, virusi, kuvu na vimelea. Ni kweli. Lakini huku kwetu mtu huyo ana kazi moja inayozibeba nyingine zote: kufupisha njia kati ya mgonjwa na jibu. Shahada, mashine, makala na safari za Ulaya, vyote nitavipima kwa fimbo hiyo.

Termosi ya mwaka 1976

Fimbo hiyo sikuiokota barabarani. Ina historia, na historia yenyewe ni ya Mkongo mmoja. Jean-Jacques Muyembe, aliyezaliwa mwaka 1942, alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa, akaenda Leuven nchini Ubelgiji kuongeza elimu ya virusi, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa nchi, kwenye misheni ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyokuwa na jina. Alitoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Alishangaa kuona matundu ya sindano yakiendelea kuvuja damu, nayo ikitiririka kwenye vidole vyake. Akanawa kwa maji na sabuni.

Alimshawishi mtawa mmoja mgonjwa wa Kibelgiji asafiri naye hadi Kinshasa. Damu ya mtawa huyo ikatiwa katika vichupa viwili, vichupa vikatiwa katika termosi yenye barafu, na termosi ikapanda ndege ya abiria kwenda maabara ya Antwerp, Ubelgiji. Ilipofunguliwa, kichupa kimoja kilikuwa kimevunjika. Cha pili kilitosha. Ndani yake mlikuwa na virusi vilivyopewa jina la mto Ebola. Mlipuko ule uliwapata watu 318, na 280 wakafariki.

Kwa miongo kadhaa baadaye, simulizi nyingi za ugunduzi huo zilianzia pale termosi ilipofunguliwa, si pale ilipofungwa. Sampuli ilisafiri, na sifa ikasafiri nayo. Sisemi waliofanya kazi Antwerp hawakustahili heshima, walistahili. Ninasema kwamba nchi isiyo na mahali pa kusomea damu yake huazimwa macho, na mwenye macho ndiye husimulia alichokiona.

Muyembe hakuishia kulalamika. INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ilianzishwa Kinshasa mwaka 1984, naye akaanza kuiongoza mwaka 1998. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 1 Agosti 2018, vipimo vilifanyika hapa hapa nchini, katika maabara zilizowekwa karibu na wagonjwa. Mlipuko huo uliisha Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katikati ya mateso hayo ilijaribiwa dawa iitwayo mAb114, iliyotokana na kingamwili za mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Desemba 2020 Marekani iliiidhinisha. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Muyembe alikuwa ametangaza kwamba sampuli za Ebola za Kongo zitabaki Kongo.

Kutoka termosi hadi dawa ni miaka 44. Huo ndio urefu wa kazi ya mtu mmoja. Binti wa mama wa sambaza auzingatie urefu huo kabla ya kuuliza kuhusu mshahara wa mwezi wa kwanza.

Kipimo kilichotafuta kovu

Mfano wa pili uko jirani zaidi. Septemba 2023, huko Kamituga, mji wa wachimba dhahabu ulioko kilomita 180 hivi kutoka Bukavu kwa barabara inayovunja magari, wahudumu wa afya walianza kuona upele usiofanana na walioufahamu. Mpox si ngeni Kongo. Mgonjwa wa kwanza duniani kujulikana alikuwa mtoto wa miezi tisa huko Basankusu, mwaka 1970. Kwa miaka mingi sura yake ilikuwa hiyo: mtoto, kijiji, msitu, nyama ya porini. Kamituga sura iligeuka. Wagonjwa walikuwa watu wazima, wachimbaji na wanawake wanaofanya biashara ya ngono karibu na baa, na upele ulianzia sehemu za siri.

Wataalamu walipousoma mpangilio wa vinasaba vya virusi hivyo walikuta tawi jipya, lililoitwa Ib. Mambo mawili yalijitokeza. La kwanza, kipande cha vinasaba kilikuwa kimedondoka, na kipande hicho ndicho hasa ambacho kipimo kimoja kilichozoeleka kilikuwa kikikitafuta. Ni sawa na kumtafuta mtu kwa kovu la mkononi kumbe mkono wenyewe umeshakatwa: utapita mbele yake mara kumi ukisema hayupo. La pili, virusi vilibeba alama zinazoachwa na kimeng'enya cha kinga ya binadamu, APOBEC3. Alama hizo zilisema wazi kwamba virusi havikuwa vikitoka msituni kila mara. Vilikuwa vikipita mtu kwa mtu.

Habari hizo zilitangazwa mwanzoni mwa 2024. Tarehe 13 Agosti, Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ikatangaza dharura ya bara, na kesho yake Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya dunia, iliyodumu hadi Septemba 2025. Chanjo za kwanza zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, na uchanjaji ukaanza Goma tarehe 5 Oktoba. Kutoka mgonjwa wa Kamituga hadi sindano ya Goma ni mwaka mzima na zaidi.

Vijana wakinisikia nikisimulia haya huuliza mashine ilikuwa gani. Si swali baya, lakini si la kwanza. Mashine haikumwona mgonjwa wa Kamituga. Aliyemwona ni mtu aliyesimama mbele ya kitanda akasema, "Hii si ile." Ujuzi wa kwanza wa kazi hii ni kuijua hali ya kawaida ya mahali pako, kiasi kwamba isiyo ya kawaida inakuchoma jicho. Ujuzi wa pili ni kujua kipimo chako kinatafuta nini, ili kikisema hapana ujue kimekana kitu gani. Asiye na huo wa pili ni mbonyeza vitufe, hata akivaa koti jeupe.

Dakika tano za zambarau

Sasa tuingie ndani, maana wengi huisifu kazi hii bila kuinusa. Chukua usaha wa kidonda cha mama aliyejifungua kwa upasuaji. Unaupaka kidogo kwenye slaidi, unauacha ukauke, kisha unaipitisha slaidi mara tatu juu ya mwali wa moto ili kilichomo kishikane na kioo. Unamwagia rangi ya zambarau, unangoja dakika moja. Unasuuza. Unamwagia iodini ya Lugol, dakika nyingine. Unasuuza. Halafu alkoholi, sekunde chache tu, na hapa ndipo fundi hutofautiana na mwanafunzi: ukizidisha, zambarau yote inatoka, ukipunguza, kila kitu kinabaki zambarau na slaidi inakudanganya. Mwisho rangi nyekundu. Njia hii aliibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, na mpaka leo hakuna iliyo rahisi kuishinda.

Unaweka tone la mafuta, unashusha lenzi kubwa ya hadubini. Ukiona vidoto vya zambarau vimekaa vishada kama zabibu, unamfikiria stafilokoka. Ukiona vijiti vyekundu, ni ukoo mwingine, na dawa nyingine. Dakika tano zimepita, na daktari wa wodini tayari ana cha kushika. Baada ya hapo unaotesha usaha huo kwenye sahani ya agari, nyuzi 37, saa 18 hadi 24. Vikiota, unavipaka upya kwenye sahani nyingine na kupanga juu yake vidonge vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki, na siku inayofuata unachukua rula na kupima kwa milimita duara lililobaki tupu kuzunguka kila kidonge. Dawa isiyoacha duara ni hela ya mgonjwa iliyotupwa.

Nilijifunza uzito wa sahani hizo kwa aibu. Nilipokuwa kijana katika maabara moja nisiyoitaja, umeme ulikatika saa saba za usiku na jenereta haikuwa na mafuta. Asubuhi kabati la joto lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na sahani zote safi. Mkubwa wangu alitaka niandike "hasi" kwenye fomu, tusonge mbele. Niliandika. Siku ya tatu mgonjwa mmoja alihama wodi akiwa na homa kali, na kwenye faili lake sentensi yangu ilikuwa ikimwambia kila daktari kwamba hana bakteria. Sampuli ilirudiwa, na vijidudu vikajaa sahani. Tangu siku ile, palipotakiwa kuandikwa "hasi" na umeme ulikatika, ninaandika: hakuna kilichoota, umeme ulikatika, rudieni sampuli. Fomu inakuwa na uchafu wa maneno, lakini haisemi uongo.

Anayeona duara la milimita kuwa jambo dogo akumbuke Goma, Julai 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika ufuoni mwa ziwa hili letu, kipindupindu na kuhara damu viliwaangukia. Karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza. Maabara zilionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu waliokuwepo walikuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini, dawa ambazo mtu yeyote angezikimbilia, na wale wa kuhara damu nao hawakushtushwa na dawa kadhaa za kawaida. Usugu huo haukuisha. Makadirio ya mwaka 2019 yalihesabu vifo milioni 1.27 duniani vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Nasi bado tunauziana antibiotiki kwa vidonge viwili viwili kwenye vibanda. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mgomba, mashanza na chupa ya bia

Mama wa sambaza anadhani kazi hii ni ya hospitali peke yake. Amtazame jirani yake mwenye shamba. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, aina ya Xanthomonas, ulionekana kwanza Ethiopia kwenye ensete katika miaka ya 1960, ukafika Uganda na Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka kwetu. Ndizi huiva kabla ya wakati, ukikata shina hutoka usaha wa manjano. Wadudu hubeba bakteria kutoka ua dume hadi ua dume, na panga la mkulima hubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Tiba ya dawa hakuna. Kuna kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuunguza panga kwenye moto au kuliosha kwa jiki, na kukata shina linaloumwa bila kung'oa ukoo wake mzima. Kila moja ya hatua hizo ilitoka kwa mtu aliyeuliza: bakteria huyu anapitia wapi? Mwenye kulijibu swali hilo kwa Kimashi na Kiswahili, akiwa amesimama kwenye tope la shamba, ana kazi Mulungu na Kalambo.

Aangalie pia jikoni kwake. Mashanza ni maziwa yaliyogeuzwa na bakteria. Kasiksi ni ndizi zilizoiva, zikakamuliwa, zikatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa siku chache hadi chachu ifanye kazi yake. Bibi zetu waliongoza vijidudu karne nyingi bila hadubini. Kiwanda cha bia hufanya jambo lile lile kwa mapipa makubwa, na hakithubutu kufunga chupa bila mtu wa kupima chachu na kuwinda bakteria waharibifu. Regideso inahitaji mtu wa kupima maji. OCC, ofisi ya kudhibiti bidhaa, inahitaji mtu wa kupima vyakula. Na Lwiro, penye hifadhi ya sokwe, hapahitaji kuambiwa kwamba mafua ya binadamu yanaweza kumwangusha nyani mkubwa, na ugonjwa wa mnyama unaweza kuingia sebuleni.

Milango ya shule

Kwetu ni nadra kukuta mlango ulioandikwa "mikrobiolojia" siku ya kwanza ya chuo. Utaingilia kwingine. ISTM ya Bukavu, chuo cha ufundi wa tiba, huandaa mafundi wa maabara. Hao ndio wenye mikono, na kwa maoni yangu ndio wanaoajirika mapema. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kina sayansi, biolojia ikiwemo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki na Chuo Kikuu cha Kiinjili barani Afrika vina udaktari na kilimo. Katika mfumo wa LMD utatumia miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta, na ukitaka kuongoza utafiti, udaktari wa falsafa juu yake.

Ningemshauri binti achague mlango kwa kuuliza anataka kuketi upande gani wa sampuli. Akitaka kumgusa mgonjwa, asome udaktari wa tiba, lakini ajue mikrobiolojia itamjia baada ya miaka mingi. Akitaka meza ya maabara, ISTM. Akitaka shamba, kilimo. Akitaka kusoma vinasaba, biolojia pamoja na hesabu, tena hesabu isiyokimbiwa, kwa sababu siku hizi virusi husomwa kwenye kompyuta kuliko kwenye kioo.

Kwa masta, wengi hutazama Ulaya kwanza. Taasisi ya Antwerp ina jina, sikatai. Lakini Makerere iko Kampala, Sokoine iko Morogoro, na Nairobi iko siku mbili za basi. Entebbe kuna taasisi ya virusi iliyoanzishwa 1936, ambayo ndiyo iliyoitambua Zika mwaka 1947 kutoka kwa kima aliyewekwa kwenye msitu wa jina hilo. Jina la chikungunya limetoka katika Kimakonde, baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Sayansi ya magonjwa haya ilianzia kwenye ardhi inayozungumza lugha zetu. Mtoto wa Kavumu akifika Morogoro ataomba chumvi na chumba bila mkalimani. Kifaransa anacho tayari. Kiingereza akitafute mapema, maana makala za fani hii zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Mshahara, mafuta ya jenereta na vita

Sasa upande mchungu, nisije nikalaumiwa. Katika huduma za serikali, mtu anaweza kusajiliwa na kupewa namba, akakaa miaka bila kuingia kwenye orodha ya mishahara, akiishi kwa primu na michango ya wagonjwa. Miradi ya nje hulipa vizuri zaidi, lakini mradi una tarehe ya kufa. Dharura ikitangazwa magari meupe hujaa Kavumu. Ikifutwa yanaondoka, na jokofu linabaki bila fundi. Vitendanishi huisha kabla ya bajeti kufika. Mashine ya GeneXpert iliyoletwa kwa kifua kikuu inaweza kupima mpox pia, ukiwa na katriji yake. Bila katriji ni sanduku zuri la kuwekea kalamu.

Kisha kuna vita. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na zaidi ya wagonjwa mia moja wa mpox waliokuwa wametengwa huko walikimbia wakichanganyika na watu. Tarehe 14 Februari uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa, na siku chache baadaye Bukavu. Kilomita 1,500 kwenda Kinshasa hazikuongezeka hata moja, lakini njia ilikatika kwa usiku mmoja. Ndiyo maana ninasisitiza ukaribu. Maabara kubwa iliyo mbali ni nzuri siku ya amani. Siku barabara ikifungwa, mgonjwa ana ile tu anayoweza kuifikia kwa miguu, pamoja na yule anayejua kuitumia.

Kuna pia deni la jina. Kijana hukusanya sampuli mia kwenye mvua, makala inatoka, na yeye anashukuriwa mwishoni pamoja na dereva. Haki hiyo haiombwi baada ya makala kuchapishwa. Kabla ya kijiti cha kwanza kugusa upele, liulizwe mezani: nani atachambua, data zitakaa wapi, nani ataandika? Anayeona aibu kuuliza mapema atalia baadaye. Na ili aulize kwa nguvu lazima awe na cha kuleta, yaani daftari lililojaa tarehe, saa, joto la jokofu na majina yaliyofichwa vizuri. Daftari safi ni silaha ya mnyonge.

Jibu la mama

Nimerudi sokoni Jumamosi. Nimemwambia mama wa sambaza kwamba kazi ipo, lakini haimsubiri binti yake ikiwa imekaa kwenye kiti. Ataijenga kwa miaka mingi, na miaka ya kwanza itamlipa kidogo. Akitaka utajiri wa haraka, biashara ya samaki itamfaa zaidi. Akivumilia, atakuwa miongoni mwa watu wachache ambao mlipuko ukija Kavumu hawaulizi gari litafika lini.

"Na hiyo kazi nitaionaje?" amesisitiza mama, maana hakusahau swali lake.

Nimemwambia ataiona siku mtoto wa jirani akilazwa asubuhi na karatasi ya majibu ikafika kitandani kabla ya jua kuzama, chini yake kukiwa na saini ya mtu ambaye soko zima linamfahamu mama yake.

Amenyamaza, akafunga sambaza zangu kwenye jani. Binti alikuwa pembeni akisikiliza. Nimemwambia Jumatatu aende kituo cha afya kilicho karibu, aombe kuosha slaidi kwa mwezi mmoja bila malipo, ajue kama harufu ya maabara anaiweza. Na kila akitoka mezani anawe mikono kwa maji na sabuni. Pale Yambuku hapakuwa na kinga nyingine.